Diski Inachemka Ndani ya Kasha Dogo: Jinsi ya Kuipoza Hatua kwa Hatua

Maswali ni yale yale kila wiki. "Diski yangu imefika nyuzi 54, itakufa?" "Ninunue feni ya ukubwa gani?" "Nikiacha mfuniko wazi si itapoa yenyewe?" Nimeyajibu moja moja mara nyingi, na kila mara najikuta nauliza: ulipima lini, kompyuta ilikuwa inafanya nini, na chumba chenyewe kilikuwa na joto kiasi gani? Wengi hawana jibu. Wanatibu ugonjwa ambao hawajaupima. Ndiyo maana nimeyaweka yote hapa, mwanzo hadi mwisho, ili uache kubahatisha.

Mwongozo huu ni wa kompyuta ya mezani yenye kasha dogo, uwe umeinunua ikiwa tayari au umeiunga mwenyewe, na ndani yake kuna diski moja au mbili za kuzunguka. SSD, yaani diski isiyo na sehemu inayozunguka, nitaigusa pale tu inapohusika.

Namba chache za kujua kwanza

Diski ya inchi 3.5 inayozunguka mara 7,200 kwa dakika hula takriban wati 5 hadi 9 ikiwa kazini. Ya mara 5,400 hula pungufu, na ya inchi 2.5 hula kama wati 2 tu. Si umeme mwingi, lakini wote unageuka kuwa joto, saa baada ya saa, kwenye kona ambayo aliyebuni kasha aliiacha bila upepo kwa sababu nafasi yote aliipa prosesa. Hapo ndipo shida inapoanzia. Diski haizalishi joto kali, ila joto lake halina pa kwenda.

Watengenezaji wengi huandika nyuzi 60 kuwa kikomo cha juu cha diski ikiwa kazini. Kikomo hicho usikifanye lengo. Mimi hupima hivi:

- Chini ya nyuzi 43: iache ilivyo.
- 43 hadi 49: inavumilika, lakini ukipata nafasi fanya hatua ya 3 hadi ya 5.
- 50 hadi 54: ishughulikie wiki hii.
- 55 na zaidi: simamisha kazi nzito leo, nakili faili zako muhimu, kisha anza hatua ya 1.

Na usihangaike kuishusha hadi nyuzi 25. Mwaka 2007 wahandisi wa Google walichapisha uchunguzi wao wa diski zaidi ya laki moja, wakaeleza kwamba uhusiano kati ya joto na kufa kwa diski ni mdogo kuliko watu walivyodhani. Madhara yalionekana zaidi kwenye joto la juu kabisa na kwa diski zilizokwisha kula miaka kadhaa. Kwa hiyo nyuzi 41 isikunyime usingizi. Nyuzi 56 kwenye diski ya miaka minne, hiyo nina wasiwasi nayo, na wewe uwe nao.

Andaa vitu hivi

- Bisibisi ya nyota inayoenea vizuri kwenye skrubu za kasha na za diski. Ikiwa na sumaku kidogo ncha yake, afadhali zaidi.
- Brashi laini na kopo la hewa ya kupulizia vumbi.
- Vifungo vya plastiki vya kufungia nyaya, vipande vitano au sita.
- Kipimajoto cha chumba, hata kile cha kawaida cha ukutani.
- Kipande cha karatasi laini, upana wa vidole viwili na urefu wa kiganja.
- Daftari na kalamu. Usiruke hii.
- Nakala ya faili zako zote za maana, kwenye diski nyingine kabisa.

Feni usinunue bado. Huenda hutaihitaji.

Hatua kwa hatua

1. Soma joto la diski kutoka kwa diski yenyewe.

Karibu kila diski ina kipimajoto ndani, na hutoa namba zake kupitia mfumo uitwao SMART. Kwenye Windows, sakinisha CrystalDiskInfo na usome joto lililoandikwa kwa herufi kubwa juu ya dirisha. Jedwali la chini liache kwa sasa, kwa sababu kwa mpangilio wake wa mwanzo huonyesha namba ghafi kwa mtindo wa heksadesimali na wengi huzisoma vibaya.

Kwenye Linux, sakinisha kifurushi cha smartmontools, kisha andika (sda ni jina la diski; yako ikiwa na jina jingine, liweke hapo):

sudo smartctl -A /dev/sda

Tafuta mstari wenye namba 194, Temperature_Celsius. Hapa wanaoanza wengi hupotea, kwa hiyo soma taratibu. Mstari huo una safu kadhaa za namba, na safu ya VALUE inaweza kuonyesha 112 au hata 64. Hizo si nyuzi. Ni alama ambayo mtengenezaji ameitunga kwa hesabu yake mwenyewe. Joto halisi liko mwisho wa mstari, chini ya RAW_VALUE. Diski nyingi huongeza hapo hapo maneno kama "Min/Max 19/56". Hiyo 56 ichukulie kwa uzito, kwani inakuambia kwamba kuna siku diski ilifika huko, hata kama sasa hivi inasoma 38.

2. Pima mara mbili, uandike.

Washa kompyuta, iache itulie saa moja, kisha andika joto la diski na joto la chumba. Baada ya hapo ipe kazi: nakili folda kubwa ya video kutoka diski moja kwenda nyingine kwa muda wa saa moja, ukiandika joto kila dakika 15. Diski ni kipande kizito cha chuma na alumini. Haipandi joto kwa dakika mbili wala haishuki kwa dakika mbili. Anayepima baada ya dakika tano anajidanganya.

Toa joto la chumba kwenye joto la diski. Tofauti hiyo ndiyo namba ya kuifuatilia kazi yote ikiendelea. Diski ya nyuzi 46 kwenye chumba cha nyuzi 32 imezidi kwa 14, na hiyo inapumua vizuri. Diski ya nyuzi 46 kwenye chumba cha nyuzi 20 imezidi kwa 26, na hiyo imebanwa.

3. Anza na nje.

Tazama kasha limekaa wapi. Likiwa limesukumwa ukutani, limeingizwa kwenye kabati la meza, au limelazwa juu ya zulia na matundu yake yako chini, unajua pa kuanzia. Liachie angalau sentimita 10 kila upande wenye matundu.

Sasa chukua ile karatasi. Kompyuta ikiwa imewashwa, isogeze mbele ya kila tundu, moja baada ya jingine. Ikinyonywa na kugandia, hewa inaingia hapo. Ikipepea kuja kwako, inatoka. Ikining'inia tu, hapo hakuna kinachopita hata kama matundu ni mengi na yanapendeza macho. Chora kasha kwenye daftari na uweke mishale. Hewa hufuata njia rahisi kama maji yanavyofuata mteremko, na mchoro wako utakuonyesha kama njia hiyo inapita kwenye diski au inaikwepa.

4. Zima, fungua, safisha.

Zima kompyuta kwa utaratibu, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki utoke. Subiri nusu dakika diski iache kuzunguka. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa chochote cha ndani, ili umeme tuli wa mwilini mwako uishie pale.

*Onyo:* usiisogeze wala kuigeuza diski ikiwa bado inazunguka. Kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani kwa nafasi isiyofika hata unene wa unywele, na mtikisiko mmoja unaweza kukwaruza data yako moja kwa moja.

Safisha chujio la vumbi la mbele kwanza, maana mara nyingi ndilo lililoziba. Halafu feni. Zuia mapanga ya feni kwa kidole unapopuliza, yasizunguke kwa kasi isiyo yake na kuharibu beringi. Pawasaplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kasha) puliza kwa nje tu, usiifungue. Kwenye diski utaona kitundu kidogo, pengine kando yake kuna maandishi ya kukataza kukiziba. Hapo ndipo diski hupumulia. Usikipulizie hewa na usikifunike na chochote. Diski zilizojazwa helii hazina kitundu hicho, zimefungwa kabisa.

5. Ondoa nyaya njiani.

Kama ningeambiwa nichague hatua moja tu, ningechagua hii. Kompyuta yangu mwenyewe iliwahi kuwa na diski iliyofika nyuzi 57 kila usiku wakati wa kutengeneza nakala. Nilikuwa nimeongeza feni ya pili mbele na haikusaidia kitu. Nilipofungua nilikuta nyaya za pawasaplai zisizotumika zimekunjwa vizuri, zikafungwa fungu moja nene kama ngumi, na fungu hilo limekaa katikati ya feni na diski. Upepo ulikuwa unagonga nyaya na kurudi ulikotoka. Nililihamishia fungu hilo upande wa nyuma wa bamba la ubao mama, nikafunga kasha, nikarudia kipimo kile kile. Nyuzi 47. Sikuwa nimenunua kitu.

Kwa hiyo fuata kila waya kwa kidole. Kilichosimama mbele ya diski, juu yake, au kati ya diski mbili, kiondoe. Pawasaplai ikiwa na nyaya zinazochomoka, chomoa zisizo na kazi. Kebo za SATA usizikunje kwa pembe kali.

6. Ipe diski nafasi na chuma.

Diski mbili zisilaliane. Acha angalau sentimita moja kati yao, na kasha likiwa na nafasi tatu, tumia ya kwanza na ya tatu. Diski inaweza kulala au kusimama wima bila tatizo. Isiwe imeinama tu kwa pembe ya ajabu, ikishikiliwa na gundi ya karatasi.

Kaza skrubu zote nne. Watu huweka mbili kwa kuona uvivu, hawajui kwamba joto nalo linapita kwenye skrubu na mbavu za fremu kwenda kwenye bati la kasha. Raba za kuzuia mtetemo hupunguza kelele, ila zinaitenga diski na chuma. Kama kasha lako lina raba na joto ni la juu, pedi laini ya kupitisha joto kati ya ubavu wa diski na fremu husaidia. *Onyo:* iweke ubavuni tu. Upande wa chini wa diski una bodi ya umeme, na bati likiigusa bodi hiyo unaweza kuiunguza diski papo hapo.

Angalia na jirani. Diski iliyo juu ya kadi ya michoro au nyuma ya pawasaplai inapokea joto lisilo lake. Kuihamisha sentimita 10 kunaweza kuleta unafuu kuliko feni.

7. Sasa feni, kama bado inahitajika.

Funga kasha na urudie kipimo cha hatua ya 2. Namba ikiwa bado imezidi joto la chumba kwa nyuzi 20 au zaidi, weka feni.

Chagua kubwa kuliko zote zinazoenea. Feni ya milimita 120 ikizunguka mara 700 kwa dakika inasukuma hewa ya kutosha kabisa kwa diski, nawe hutaisikia. Ya milimita 40 italazimika kupiga kelele kama mbu ili ifanye kazi hiyo hiyo. Diski haihitaji tufani. Kinachotakiwa ni upepo mdogo usiokatika, unaopita juu ya uso wake.

Iweke mbele ya diski, ikiingiza hewa ya nje. Feni nyingi zina mishale miwili ubavuni, mmoja wa mzunguko na mmoja wa mwelekeo wa hewa. Isipokuwa na mishale, hewa hutokea upande wenye vile vijiti vinavyoshika mota. Hakikisha kwa karatasi yako kabla ya kukaza skrubu ya mwisho. Kama feni ya nyuma inatoa hewa na ya mbele inaingiza, zinasaidiana. Zote mbili zikitoa, kasha litavuta hewa na vumbi kupitia kila mwanya, na diski inaweza isipate chochote.

Kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii. Feni ukiichomeka kwenye ubao mama, kwa kawaida kasi yake hufuata joto la prosesa. Ukinakili faili usiku kucha, prosesa imepoa, feni inaona hakuna kazi na inalegea, wakati diski iliyo mbele yake inachemka. Ingia kwenye mipangilio ya BIOS, ile inayofunguka kabla mfumo endeshi haujaanza, tafuta feni hiyo, na uipe kasi ya chini isiyobadilika, tuseme asilimia 45. Hapo hapo kuna chaguo la namna ya kudhibiti kasi: feni ya pini 4 iweke kwenye PWM, na ya pini 3 kwenye DC. Ukikosea hapo, ya pini 3 itazunguka kwa kasi yote muda wote.

8. Punguza kazi isiyo ya lazima.

Diski ya pili inayotunza picha na nakala tu haina sababu ya kuzunguka mchana kutwa. Kwenye Windows, mipangilio ya umeme ina sehemu ya kuzima diski isipotumika, nayo iweke dakika 30. Kwenye Linux:

sudo hdparm -S 241 /dev/sdb

Hiyo 241 maana yake ni nusu saa. Hakikisha kwanza kwamba sdb ndiyo diski unayoikusudia. *Onyo:* usiweke dakika mbili au tatu. Diski inayolala na kuamka kila mara huchakaa, na kila kuamka kunavuta umeme mwingi kwa sekunde chache. Mstari wa 193 kwenye SMART unahesabu mara ambazo kichwa kimeegeshwa. Diski nyingi zimetengenezwa kuhimili mara 300,000 hadi 600,000, kwa hiyo ukiona namba hiyo inaruka kwa mamia kwa siku, ongeza muda.

Na mfumo endeshi wako uuhamishie kwenye SSD kama bado uko kwenye diski ya kuzunguka. Diski itapata kupumzika. SSD ya M.2, ile nyembamba inayochomekwa moja kwa moja kwenye ubao mama, nayo ina joto lake, na ikipita takriban nyuzi 70 au 80, kutegemea aina, hujipunguza kasi yenyewe. Kibati chembamba cha kupozea huitosha.

9. Pima tena kwa masharti yale yale.

Saa moja ya utulivu, saa moja ya kazi, joto la chumba likiwa limeandikwa. Linganisha na daftari. Rudia tena msimu wa joto ukifika, kwa maana diski iliyopimwa wakati wa baridi haijapimwa.

Ukikwama

*Joto halijashuka hata kidogo.* Toa mfuniko wa ubavuni na upime saa nzima mfuniko ukiwa wazi. Likishuka kwa nyuzi 6 au zaidi, tatizo bado ni njia ya hewa, rudi hatua ya 5. Lisiposhuka, chanzo ni jirani mwenye joto au diski yenyewe. Kuacha mfuniko wazi siku zote si tiba. Vumbi litajaa, na upepo wa feni ya mbele utatokea ubavuni kabla haujafika kwenye diski. Kuna makasha ambayo diski huzidi kuchemka yakiwa wazi.

*Joto linapanda usiku nami sifanyi kitu.* Angalia kama kuna programu inayokagua virusi, inayopanga faharasa za utafutaji au inayotengeneza nakala saa hizo. Kama hakuna, soma mistari ya 5, 197 na 198 ya SMART, inayohesabu sekta (vipande vidogo vya diski) zilizoharibika au zinazoshindwa kusomeka. Diski inayosumbuka kusoma sekta mbovu hurudia rudia, na kazi hiyo huipandisha joto.

*Diski haionekani baada ya kufunga kasha.* Chomoa na uchomeke upya kebo ya data na ya umeme pande zote mbili. Kosa hili ni la kawaida sana baada ya kupanga nyaya. Mstari wa 199 wa SMART, unaohesabu makosa ya kupitisha data, ukiendelea kuongezeka, badilisha kebo ya data.

*Namba ya joto haibadiliki kamwe, au inasoma 0.* Kipimajoto hakisomeki kwa njia unayotumia. Jaribu programu nyingine. Kidole hakifai kuwa mbadala, kwa sababu chuma cha nyuzi 45 na cha nyuzi 52 vyote kidole kitaviita "moto".

*Feni mpya haizunguki.* Kasi uliyoweka ni ndogo mno kwake kuanza. Ipandishe hadi asilimia 60, ianze, halafu ishushe taratibu hadi pale inapozunguka bila kusita.

*Mstari wa 5, 197 au 198 umeanza kupanda.* Acha kupoza, anza kuokoa. Nakili kwanza faili ambazo huwezi kuzipata tena: picha, hati, kazi zako. Zinakili kwa mafungu madogo, feni ikiwa inapuliza, na kila diski ikikaribia nyuzi 50 simamisha ipumzike. Usiipange upya, usiijaribu kwa kazi nzito, usiitoe kwenye kasha ukiwa katikati ya kunakili. Ukimaliza, fungua faili kadhaa kutoka kwenye nakala mpya uone kama zinasomeka, ndipo uizime ile ya zamani.